Menyu ya baa kwa wasiokula nyama: nilivyoacha kuwapa saladi na chipsi

Kwa miaka mingi mteja asiyekula nyama akiuliza ale nini, jibu langu kutoka jikoni lilikuwa moja: saladi, na chipsi pembeni. Niliona nimemaliza kazi. Kisha Ijumaa moja jioni wakaingia watu wanane, wakavuta meza mbili pamoja, wakaanza kusoma menyu. Mmoja wao akamwita mhudumu, mhudumu akaja dirishani kwangu, nikamjibu bila hata kuinua macho: "Mwambie kuna saladi." Dakika mbili baadaye meza ilikuwa tupu. Sahani nane na vinywaji vya usiku mzima viliondoka kwa ajili ya mtu mmoja, maana watu wakitoka pamoja, yule mwenye masharti ya chakula ndiye anayechagua mahali pa kukaa. Wenzake wanaweza kula popote.

Tangu siku hiyo nimejaribu vyakula vingi visivyo na nyama kwenye menyu ya baa. Vingi vimekufa. Vilivyobaki nitakueleza, pamoja na namna ya kuvipanga ili jiko lako dogo lisizidiwe saa mbili usiku.

Pika vegani kwanza, jibini iongezwe mwishoni

Mla mboga hali nyama wala samaki, ila wengi wao wanakunywa maziwa na kula mayai. Vegani hali chochote kilichotoka kwa mnyama, asali ikiwemo. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipochukua mwanzo na mwisho wa neno "vegetarian" wakaviunganisha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapikia hawa wawili vyakula tofauti: baga ya wala mboga yenye yai ndani, kisha baga nyingine ya vegani. Friza ikajaa vitu vinavyofanana, na usiku wenye watu wengi tukavichanganya.

Sasa kila sahani isiyo na nyama inaanza ikiwa ya vegani. Anayetaka jibini au krimu anaongezewa wakati wa kupakua. Chungu ni kimoja, lebo ni moja, na mla nyama naye anakula bila kujua kwamba amekula cha vegani. Ukitaka kukumbuka jambo moja tu katika haya yote, kumbuka hili.

Baga isiyovunjika

Baga ndiyo sahani itakayoulizwa kuliko zote, na ndiyo iliyonitesa zaidi. Ya kwanza niliitengeneza kwa maharage yaliyotoka moja kwa moja kwenye maji, nikayaponda yote, nikaongeza unga. Ilikuwa kama uji uliokaangwa. Mteja aliuma upande mmoja, baga ikatokea upande wa pili.

Adui wa baga ya maharage ni maji. Chukua kilo 1 ya maharage meusi yaliyoiva, yachuje, yatandaze kwenye trei uyaingize kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 20 hivi, hadi maganda yaanze kupasuka. Wakati huo kata uyoga gramu 400 vipande vidogo sana, uukaange kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali mpaka maji yote yaishe na uanze kuwa wa kahawia. Usiwe na haraka hapa, kwa sababu uyoga ndio unaoleta ile ladha nzito ambayo watu huihusisha na nyama.

Saga mbegu za kitani vijiko vikubwa 3, changanya na maji vijiko vikubwa 9, acha dakika 10 ziwe kama ute. Hiyo ndiyo gundi yako badala ya yai. Ponda theluthi mbili ya maharage, theluthi moja iache nzima ili mtu apate kitu cha kutafuna. Tia uyoga, kitunguu kilichokaangwa, kitunguu saumu, paprika ya moshi, sosi ya soya vijiko vikubwa 3, na chenga za mkate gramu 150. Onja chumvi kabla ya kuongeza, sosi ya soya ina chumvi ya kutosha. Utapata baga kama 12 za gramu 130. Zikae kwenye friji saa 2 au zaidi. Ukizipeleka jikoni kabla hazijapoa, zitakufia mikononi. Kaanga dakika 4 kila upande kwenye bamba la moto, na ukishaiweka, usiiguse. Wapishi vijana hupenda kuibonyeza baga kwa mwiko. Wanyang'anye mwiko.

Angalia pia mkate wenyewe. Mikate mingi laini ya baga ina maziwa, siagi au imepakwa yai juu ili ing'ae. Nilitoa baga ya vegani ndani ya mkate wa siagi kwa wiki nzima kabla mtu hajaniuliza, na nilijisikia vibaya.

Koliflawa ya kula na bia

Watu wa baa wanataka kitu cha kushika kwa vidole, chenye pilipili, kinachowafanya waagize kinywaji kingine. Koliflawa iliyokaangwa kwenye rojo la unga inafanya kazi hiyo vizuri sana, na faida yake si ndogo.

Rojo: unga wa ngano gramu 200, wanga wa mahindi gramu 50, kijiko kidogo cha beking pauda, chumvi, na maji ya soda (maji yenye gesi, yasiyo na sukari) yaliyo baridi kabisa kama mililita 300. Yawe baridi kweli, kutoka friji, na usikoroge sana. Mabonge madogo hayana neno. Chovya vipande vya koliflawa, kila kimoja cha kumalizika kwa kuumwa mara mbili, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 180 kwa dakika 4, toa kabla havijawa na rangi kamili, vitandaze vipoe. Hayo ndiyo maandalizi ya mchana. Oda ikiingia unavirudisha kwenye mafuta dakika moja na nusu, vinakuwa vikavu na vya dhahabu, kisha unavigeuza kwenye sosi ya pilipili iliyoyeyushwa pamoja na majarini isiyo na maziwa. Kukaanga mara mbili ndiko kunakokuokoa usiku, maana kipande kibichi kingechukua muda mrefu mno huku oda zikipangana.

Chungu kimoja, sahani tatu

Jiko la baa halina nafasi ya vyungu sita. Mimi ninapika chungu kimoja kikubwa cha maharage mekundu na nyanya, bizari nyembamba, pilipili ya moshi na kipande cha chokoleti nyeusi isiyo na maziwa. Kinatoka kwa njia tatu: juu ya chipsi kama sahani ya kushirikiana mezani, ndani ya kiazi kizima kilichookwa, au juu ya wali. Kesho yake ladha huwa bora kuliko leo.

Tahadhari moja ambayo sina mzaha nayo. Maharage mekundu makavu yana sumu ya asili. Yaloweke saa zisizopungua 5, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi kabla ya kupunguza moto na kuyaivisha. Usiyatupe makavu kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo ukaenda zako. Joto dogo haliondoi sumu hiyo, na mteja atatapika usiku huohuo. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida.

Wakati wa baridi ninaongeza pai ya uyoga. Unga sehemu mbili kwa mafuta magumu ya mimea sehemu moja, kwa uzito, maji baridi kidogo, na juu ipake maziwa ya soya badala ya yai. Ndani: uyoga wa aina mbili, karoti, vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikawa vya kahawia, nyanya ya kopo iliyokolezwa na bia nyeusi. Viazi vya kuponda vya pembeni ninavilainisha kwa mafuta ya zeituni na maji yaleyale vilimochemkia. Hakuna aliyewahi kuuliza siagi iko wapi.

Vitu vinavyojificha

Hapa ndipo wapishi wengi wazuri wanapoumbuka. Soma lebo zote, hata za vitu ulivyovizoea. Sosi ya kawaida ya Worcestershire ina samaki wadogo wa anchovi. Jibini ya Parmigiano Reggiano hutengenezwa kwa kimeng'enya cha kugandisha maziwa kinachotoka tumbo la ndama, kwa hiyo hata mla mboga anayekula jibini hawezi kuila. Tambi mbichi kwa kawaida zina mayai, ilhali tambi kavu nyingi ni ngano na maji tu. Peremende laini na keki baridi za jeli mara nyingi zina jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa.

Na bia yenyewe. Baadhi ya bia, hasa zile za mapipa ya kienyeji ya Uingereza, husafishwa kwa gundi inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki ili zisiwe na utandu. Ndiyo maana mimi natumia maji ya soda kwenye rojo la koliflawa. Kwa bia nyeusi ya pai nilimwuliza msambazaji, nikaandika jibu lake ukutani jikoni.

Halafu mafuta. Ukikaanga koliflawa kwenye mafuta yaleyale ya vipande vya kuku, usiiandike kwamba ni ya vegani. Tenga kikaangio kimoja cha mboga na chipsi pekee. Kama una kimoja tu, mwambie mteja ukweli, au oka. Pia wafundishe wahudumu kwamba chakula cha vegani si lazima kiwe salama kwa mwenye mzio: jikoni kwako bado kuna mayai na maziwa, na sosi ya soya ina ngano. Mwenye mzio anauliza swali jingine kabisa, na anastahili jibu jingine.

Mayonezi, na jinsi ya kuandika menyu

Ukifungua kopo la dengu kubwa nyeupe (chickpeas), usimwage maji yake. Vijiko vikubwa 3 vya maji hayo hufanya kazi ya yai moja. Kwenye jagi jembamba weka mililita 60, kijiko kidogo cha haradali, kijiko kikubwa cha siki, chumvi. Saga kwa blenda ya mkono huku ukimimina mafuta mililita 250 polepole kama uzi. Ukikimbiza mafuta mwanzoni, itakatika. Ninatumia mayonezi hiyo kwa kila mtu, baga ya nyama ikiwemo, kwa hiyo sina chupa mbili za kuchanganya. Dengu zenyewe ninazipika na mchicha kwenye tui la nazi, zinakuwa sahani ya nne.

Kitindamlo ni rahisi: matunda yaliyookwa na chenga za unga na majarini juu. Moja inatosha.

Menyu yangu ya kwanza ilikuwa na kisanduku chini kabisa kilichoandikwa "Kwa wasiokula nyama". Hakuna aliyeagiza humo isipokuwa waliolazimika. Nilizihamisha sahani zilezile juu, kati ya nyingine, nikaacha kuzieleza kwa kile zisichokuwa nacho. "Baga bila nyama" ikawa "Baga ya maharage meusi na uyoga wa moshi", na alama ndogo pembeni yake. Mwezi huohuo nikalazimika kuongeza trei ya pili ya maharage kwenye oveni.