Unataka kutoboa sikio juu? Jipange kwanza, hasa ukiwa huku kwetu Mtwara

Shika sikio lako hapo juu, likunje mpaka liguse shavu, afu liachie. Limerudi eeh? Ule ubishi wa kurudi ndo gegedu yenyewe, ule mfupa laini, ndani ina nyuzi zinazovutika ndo maana unaweza ukalilalia usiku kucha limejikunja na asubuhi likawa zima. Sasa shuka chini kwenye ndewe, minya. Hamna mfupa, ni ngozi na mafuta tu. Wengi wanaoniuliza habari za kutoboa juu wanachukulia ni ndewe ileile imehamia ghorofani, si walitogwa wachanga na hata maumivu hawayakumbuki. Bibi zetu walivaa majasi makubwa kwenye ndewe, na wale wa Kimakonde wakavaa ndonya kwenye mdomo wa juu, tundu linatanuliwa polepole na mtu anaishi nalo mpaka uzeeni, lakini yote hayo ni nyama, na nyama ina damu ya kutosha.

Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na utando mwembamba ulioizunguka, kwahiyo ikijeruhiwa msaada unafika kwa kuchelewa, na utando ukiachana nayo kwa sababu ya usaha au damu iliyovilia, gegedu inaanza kufa na haioti tena kama zamani, panajaa kovu na sikio linapoteza umbo. Ndewe unaisubiri wiki 6 mpaka 8. Huku juu hesabu miezi 6, na mara nyingi inafika mwaka mzima.

Ndo maana mimi cha kwanza nauliza tarehe. Sio bei, tarehe. Mara yangu ya kwanza nilitoboa mwezi wa 11, katikati ya msimu wa korosho, kwenye saluni moja ambayo sitaitaja, na nyumbani tulikuwa tunabangua. Mnaojua kubangua mnajua yale mafuta ya ganda, yanaunguza vidole mpaka ngozi inabanduka, sasa mimi nikawa nabangua huku nikijigusa sikio kila dakika maana lilikuwa linawasha, jioni nikaenda kuogelea Shangani kwa sababu nilisikia maji ya chumvi yanakausha kidonda. Siku ya tano hivi sikio la juu lote likawa jekundu, linachoma, limesimama mbali na kichwa, ila ndewe ipo vilevile imetulia kama haihusiki. Nikanunua amoksi, yaani amoksilini ile antibayotiki, dukani nikameza siku nne. Wapi. Daktari aliponiona akaangalia ndewe kwanza, akasema hii imeingia kwenye utando wa gegedu, likachanwa, usaha ukatoka, nikapewa dawa nyingine, na saivi pale juu nina bonde ambalo nalificha kwa ushungi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mdudu anayependa sana kushambulia pale anaitwa Pseudomonas, anakaa sehemu za majimaji, na amoksi haimfanyi kitu kabisa.

Kwahiyo fungua kalenda yako. Kama una shamba, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, toka kwenye mwezi wa 5 au wa 6 usiwe na tundu bichi, lile vumbi linaingia kila mahali, na msimu wa kuokota na kubangua nao achana nao, mimi mwezi wa 1 naona ndo mzuri maana unapata miezi kadhaa kabla hujarudi mkorosho. Kama uko mjini na korosho unaionea kwenye bakuli tu, basi angalia mambo mengine: una harusi ya kusuka rasta nzito? Una mwali wa unyago likizo ya mwezi wa 6 au wa 12 na utakesha ngomani unatoka jasho? Unapanda bodaboda kila siku na helmeti ya kuazima? Helmeti ile inashuka inakwangua kila unapovaa. Bahari na mabwawa sahau mpaka kidonda kifunge.

Afu angalia ngozi ya ukoo wenu. Makeloidi, yale makovu yanayoota nyama ikazidi hata kidonda chenyewe, yanatupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi na yanatembea kwenye familia. Jicheki kovu la chanjo begani, muulize mama na mashangazi, kama kuna mtu ana kovu limevimba linang'aa kama mpira basi sikio la juu liache tu, bandika hereni za kubana. Keloidi huwa haiji wiki ya kwanza, inakuja miezi baadaye ukiwa umeshasahau, na ikikatwa peke yake bila tiba nyingine mara nyingi inarudi. Mwenye sukari au anayetumia dawa za kushusha kinga aongee na daktari wake kwanza, hapo sina la kuongeza.

Fundi sasa. Kama anatoa ile bastola ya kutobolea, shukuru, ondoka. Ile inasukuma kipini butu kwa nguvu, kwenye ndewe nyama inaachia lakini gegedu inaweza kupondeka na kupasuka, na nyingi zina plastiki haziwezi kuingia kwenye mashine ya kuchemshia vifaa kwa mvuke. Unataka sindano yenye uwazi ndani, mpya, inayofunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yako, glavu mpya, na fundi anayekuchorea alama kwa kalamu halafu anakupa kioo uangalie kabla. Akikasirika ukimuuliza maswali hiyo nayo ni jibu. Huku kwetu mafundi wa hivyo ni wachache, sikudanganyi, wengine huwa wanasubiri mpaka wakienda Dar, sioni ubaya, ila usitoboe asubuhi ukapanda basi usiku huohuo ukalalia kioo cha dirisha mpaka Mtwara.

Kipini cha kwanza kiwe titani ya kuwekwa mwilini au dhahabu halisi ya karati 14 kwenda juu. Zile za kung'aa za mezani sokoni nyingi zina nikeli na nikeli inawasha watu. Kiwe kirefu kidogo, usishangae kinaning'inia, ile nafasi ni ya uvimbe. Kikiwa kifupi sikio likivimba linakimeza, na hapo utalia. Baada ya wiki kadhaa uvimbe ukishuka unarudi kwa fundi anakubadilishia kifupi, sasa hiyo safari ya pili nayo iweke kwenye bajeti maana watu wanaisahau.

Nyumbani andaa kabla, sio ukitoka kutoboa ndo unaanza kutafuta. Maji ya chumvi ya dripu, ile asilimia 0.9, duka la dawa wanayo, ukikosa chemsha maji kikombe kimoja utie chumvi robo kijiko cha chai, usizidishe ukidhani ndo dawa kali, inakausha ngozi. Mara mbili kwa siku, mikono imeoshwa, unalowesha magamba yanalainika unafuta kwa shashi safi. Basi. Spiriti hapana, haidrojeni peroksaidi haina kazi hapo, mafuta ya nazi hapana, majivu ndo kabisa. Na usizungushe kipini, sijui nani alitufundisha kuzungusha, kila ukizungusha unachana ngozi iliyoanza kushika. Foronya ibadilishe mara kwa mara, ushungi uwe laini wa pamba usiokamata kipini, na pini za ushungi zikae upande mwingine. Kulala lala upande wa pili, ukishindwa chukua ule mto wa duara wa safarini uweke sikio kwenye tundu la katikati, mimi nilikunja kanga nikaifanya kata kama ya kubebea ndoo, ikafanya kazi vizuri tu.

Wekundu kidogo, joto, majimaji meupe yanayokauka, hiyo siku za mwanzo ni kawaida. Sikio la juu lote likivimba, ukiligusa unaruka, usaha, homa, na ndewe imebaki nzima, hapo usiende duka la dawa na usichomoe kipini mwenyewe, nenda hospitali daktari aamue. Ujue mapema utaenda wapi: mjini kuna Ligula na ile ya Kanda kule Mitengo, Lindi kuna Sokoine, na uwe na nauli na bima au hela ya kufungulia faili pembeni. Chanjo ya pepopunda nayo ulizia hapohapo kama hukumbuki ya mwisho.

Na nimalizie na vijana wa mpira na ngumi, maana mdogo wangu wa kiume ananicheka na vipini vyangu wakati yeye ndo aliponea chupuchupu. Alipigwa kiwiko sikioni, jioni mikunjo yote ya sikio ikawa imepotea, laini kama limejazwa maji. Ile ni damu imejaa kati ya utando na gegedu. Akitaka kulikanda na maji ya moto nikamkatalia, tukaenda kesho yake asubuhi na mapema, wakaitoa damu wakabana bandeji ngumu isijae tena, akawa anarudi kucheki. Ikiachwa wiki inaanza kuganda na kuwa ngumu, na sikio linajikunja kama kochoko, lile bibo la korosho, lililosahaulika juani.