Somo: Namna ya kusikiliza fuga, tukianza na fuga ndogo ya Bach

Wanakwaya wengi wa kwetu wameshaimba kitu kama fuga, yaani muziki ambao sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule, bila kuambiwa jina lake. Kwenye Haleluya ya Handel, pale penye maneno ya kutawala milele na milele, besi wanaanza peke yao. Sauti ya tena inaingia, kisha alto, kisha soprano, na kila sauti inakuja na wimbo uleule. Ukiwa umesimama safu ya besi, unazisikia sauti zikipanda juu yako kama watu wanaoingia nyumbani mmoja mmoja. Hicho ndicho ninachotaka ukisikie leo katika kazi isiyo na maneno hata moja: fuga ya kinanda ya Johann Sebastian Bach katika G maina (maina ni ufunguo wenye sauti ya huzuni kidogo), namba BWV 578 katika orodha ya kazi zake. Huitwa fuga ndogo ili isichanganywe na ile kubwa ya G maina, BWV 542. Ni dakika nne hivi, na aliitunga angali kijana.

Hatua ya 1: Imba mada kabla ya kufungua rekodi. Mada ni ule wimbo mfupi ambao fuga nzima imejengwa juu yake. Kwa solfa inaanza hivi: la – mi – do – ti – la – do – ti – la – se – ti – mi. Mi ya kwanza ni ya juu, ya mwisho ni ya chini. La na mi za mwanzo zipe pigo moja moja, do pigo moja na nusu, zinazofuata zikimbie nusu nusu hadi mi ya mwisho. Mada inaendelea zaidi ya hapo, na nota zake zinazidi kuwa fupi: inaanza kwa kutembea, inaishia kwa kukimbia. Imba mpaka uweze kuiimba huku unaosha vyombo. Usiruke hatua hii. Asiyeijua mada atasikia kelele nzuri tu.

Hatua ya 2: Hesabu wanaoingia. Soprano, alto, tena, halafu besi inayopigwa kwa miguu. Inua kidole kila mada inapoingia. Sikiliza mara tatu kwa kazi hiyo tu.

Hatua ya 3: Sikia jibu. Soprano ilianzia G, alto inaanzia D. Ni mada ileile imehamishiwa ufunguo mwingine, na ndiyo maana inaitwa jibu. Sauti ya tena inarudi G, besi inajibu kwa D.

Hatua ya 4: Usimwache aliyekwisha kuimba. Alto inapoingia, soprano hainyamazi. Inapewa wimbo mwingine wa kwenda sambamba na mada. Mimi hapa ndipo ninapoipenda Baroki, yaani muziki wa Ulaya wa enzi za Bach na Handel, kuliko muziki wowote: hakuna sauti ya kusindikiza tu, kila mmoja ana jambo la kusema.

Hatua ya 5: Tegea mtego. Sauti zote nne zikishaingia, kuna mahali sauti ya tena inaianza mada, na kabla haijafika mbali soprano inainyakua na kuimaliza. Mbele kidogo mada inarudi katika B flati meja, na ghafla uso wake unang'aa. Kati ya maingilio kuna vipito, ambapo kipande kidogo kinarudiwa kikishuka ngazi kwa ngazi.

Hatua ya 6: Subiri miguu. Mada ya mwisho inakuja kwenye pedali, chini kabisa, tena katika G maina. Kisha akodi ya kufunga, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, inageuka kuwa G meja. Isikilize hiyo nota moja iliyopandishwa nusu toni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kwa hiyo Haleluya nzima ni fuga?
Hapana. Kuna sehemu sauti zote zinaimba pamoja, kuna sehemu zinafukuzana. Handel alikuwa mtu wa jukwaa, akabadilisha mtindo kila maneno yalipodai. Haleluya imo ndani ya *Messiah*, oratorio yake (kazi ndefu ya kwaya, waimbaji wa pekee na okestra), na oratorio hiyo yote aliitunga mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Yeye na Bach walizaliwa mwaka mmoja, 1685, na hawakuwahi kuonana.

Nimejaribu kupiga kinanda pamoja na rekodi ya Haleluya. Mimi niko D, wao wako chini nusu toni. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Vikundi vingi vinavyotumia ala za kizamani huweka nota A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde, wakati kinanda chako kiko 440. Shusha transpozi (kitufe cha kuhamisha ufunguo) nusu toni, mtakutana.

Kinanda cha kanisani kwetu hakina pedali. Tuiache hii fuga?
Msiiache. Gawanyeni sauti nne, kila kundi liimbe kwa "la", polepole. Besi watahangaika na nota za haraka, wapewe wiki moja zaidi. Au wakae watu wawili kwenye kinanda kimoja, wa pili apige besi tu kwa mkono wa kushoto.

Na Vivaldi naye? Yeye sisikii mada ikifukuzana.
Kwa Vivaldi, mtunzi Mwitaliano wa enzi hiyohiyo, tafuta kiitikio. Katika konseto yake (kazi ya ala ya pekee pamoja na okestra) ya Majira ya Kuchipua, iliyochapishwa mwaka 1725, okestra nzima inapiga kiitikio, violini ya pekee inatoka na beti zake, kiitikio kinarudi, mara nyingine kimefupishwa au kiko ufunguo mwingine. Waitaliano hukiita ritornelo. Aliyezoea nyimbo za kuitikiana atakishika mara ya kwanza tu.