Kubadilisha Beringi ya Pampu ya Maji: Kwa Fundi Sanifu Anayeanza Kazi

Kabla ya kuzima pampu, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni: beringi nzima huvuma kwa sauti moja, iliyochoka hukwaruza. Ukishazima, funga swichi kuu kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako, si mezani.

Soma namba iliyochongwa ubavuni. Katika 6205, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hukupa kipenyo cha ndani, yaani milimita 25, na kanuni hii hufanya kazi kuanzia 04. Lakini 6305 nayo ina 25 ndani, ilhali nje ina 62 badala ya 52 na upana wake ni 17 badala ya 15. Kwa hiyo usimwagize mtu dukani kwa kumtajia kipenyo cha ndani peke yake.

Ing'oe kwa pula, yaani kifaa cha kuvutia beringi kutoka kwenye shafti, kisha usiitupe. Ioshe kwa mafuta ya taa uchunguze njia ya gololi, kwa maana hapo ndipo fundi sanifu anapotofautiana na mtu wa kubadilisha vipuri tu. Kutu hueleza kwamba sili, yaani kizuizi cha maji kwenye shafti, inapitisha maji, na beringi mpya utakayoweka bila kubadilisha sili itakufa vilevile. Vishimo vilivyopangika kwa nafasi sawa na ile ya gololi mara nyingi ni kazi ya nyundo ya aliyekutangulia. Nilipokuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini niliwahi kuacha vishimo hivyo mimi mwenyewe, kwa kugonga pete ya nje ili pete ya ndani iingie kwenye shafti. Nguvu yote ilipita kwenye gololi.

Ikiwa beringi mpya ni ya wazi, yaani haina mifuniko, ipashe moto ndani ya mafuta safi, juu ya wavu ili isiguse kitako cha sufuria, hadi nyuzi 110 za Selsiasi na isizidi 120, nayo itateleza kwenye shafti bila kugongwa. Yenye mifuniko ya mpira imeshatiwa grisi kiwandani, hivyo isitumbukizwe. Isukume taratibu kwa kipande cha bomba kinachokalia pete ya ndani pekee.

Ile ya wazi jaza grisi kati ya thuluthi na nusu ya nafasi yake, kwani ikizidi huchemka. Zungusha shafti kwa mkono kabla ya kurudisha umeme, kisha andika kwenye daftari la mashine tarehe, namba ya beringi na kilichoiua ile ya zamani.