Kuhamisha familia kufuata hewa safi: usihamie mkoa, hamia nyumba

Mi ni mama wa watoto watatu, wa kati ana pumu, tulitoka Urambo mkoani Tabora tukaja Kigoma mjini kwa ajili ya kifua chake tu, sio kazi wala biashara. Kila siku naulizwa nilifanyaje, wengine wako huko huko kwenye tumbaku Kaliua na Sikonge, wengine Dar, basi naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Na kosa langu nalisema mapema: nilichagua mkoa nikasahau kuchagua nyumba, ikabidi tuhame mara mbili ndani ya miezi mitano. Hela ya kuhama mara ya pili inauma kuliko ya kwanza.

Kabla ya yote hakikisha tatizo ni hewa kweli. Kikohozi kikizidi wiki mbili mtoto apimwe TB kwanza, na daktari amsikilize kifua na moyo, kuna watu wamehama na ugonjwa wao begani wakidhani wanaukimbia. Akishaambiwa ni pumu, nunua daftari la kawaida la shule andika kila akibanwa: tarehe, saa, alikuwa wapi, nini kilikuwa kinawaka karibu. Miezi miwili inatosha. Daftari letu lilinionyesha kitu ambacho sikukiona kwa macho, karibu mara zote ni Februari na Machi, kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri. Sasa miezi hiyo Urambo ndio watu wanakausha tumbaku. Ile ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la moto, ikishaingia bani, yaani banda la kukaushia, moto hauzimwi usiku na mchana karibu wiki nzima, na bani la shemeji yangu lilikuwa kama hatua ishirini tu toka dirisha la watoto, bomba lake limekula kutu, kwa hiyo moshi badala ya kupanda juu unatambaa chini na kuingia ndani. Mchana upepo unausambaza, usiku hewa imetulia unalala palepale na sisi.

Daftari likishasema, jaribu kwanza kitu cha bei ndogo. Hamisha kitanda chumba cha upande mwingine, toa jiko nje, mwombe jirani azibe matundu ya kutu kwenye bomba la bani lake. Sisi tulijaribu, tukapata nafuu lakini sio ya kumwacha mtoto alale. Kama kwako hiyo nafuu inatosha usihame, kuhama sio dawa, ni gharama.

Ukiamua kuhama, nenda ukaone huko unakokwenda msimu mbaya, sio msimu mzuri. Mi nilikuja Kigoma mwezi wa nne, mvua imeosha kila kitu, ziwa linang'aa, ng'ambo kule milima ya Kongo unaihesabu mmoja mmoja. Nikasema hapa ndio pepo. Ngoja ifike mwezi wa nane sasa! Mapori yanaungua, watu wanachoma mashamba, matanuri ya matofali yanawaka, barabara za mtaani vumbi jekundu hadi kwenye kope, na ile milima ya Kongo imefutika kabisa kama haijawahi kuwepo. Kwa hiyo panga safari ya kuangalia mwezi wa nane au wa tisa, na kama una ndugu wa kufikia mchukue mtoto mwenyewe mkae hata wiki mbili, na daftari uje nalo.

Nyumba sasa. Hapa ntakaa kidogo maana ndipo nilipoumia.

Nyumba ya kwanza dalali alinipeleka mchana, iko chini karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, upepo wa ziwa unapiga mpaka mapazia yanaruka, nikalipa kodi ya miezi sita siku hiyo hiyo pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali. Nilichokuwa sijui ni kwamba upepo wa ziwani unageuka. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kuja juu, ndio ule mtamu. Usiku nchi inapoa upepo unageuka, unatoka vilimani kushuka ziwani, unabeba moshi wa majiko ya mtaa mzima na kukupitishia dirishani. Alafu nyuma ya ukuta kuna bibi anakausha migebuka kwa moshi, anaanza saa kumi na moja jioni, na hatua chache mbele yake kuna pipa la mawese linachemka. Usiku wa tatu mtoto akabanwa. Asubuhi nikaenda kwa bibi nimejiandaa kulalamika, nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, mi hapa nakausha samaki tangu mama yako hajaolewa. Ungeniuliza kabla hujalipa ningekwambia." Sikuwa na jibu. Akanipa na migebuka miwili ya kwenda nayo.

Kwa hiyo nyumba iangalie mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, mchana, na saa moja usiku watu wakiwa wanapika. Uende bila dalali. Zunguka kwa miguu kama mita mia mbili pande zote, angalia mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, seremala, banda la chipsi, dampo, tanuri la matofali, stendi ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Waulize majirani takataka wanachomea wapi na saa ngapi, hilo swali watu hawaulizi kabisa na ndilo lenye majibu. Pitisha kitambaa cheupe chenye maji kwenye fremu ya dirisha, kikirudi na weusi wa masizi ni moshi, kikirudi chekundu ni vumbi, na vumbi angalau unaweza kupambana nalo kwa maji na majani.

Ukiingia ndani tazama juu. Nyumba nyingi zetu hazina silingi bodi, kuta za vyumba zinaishia kabla ya bati, kwa hiyo mkipika jikoni au mpangaji mwenzako akiwasha mkaa chumbani kwake moshi unaruka ukuta unashuka kwenye kila chumba. Unaweza ukafunga mlango wako vizuri na bado unavuta jiko la mwenzako. Tafuta yenye silingi, au ambayo jiko liko nje kabisa limejitenga. Angalia pia kona za ukuta kama zina fangasi, maana huku mvua ikianza kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne nyumba yenye unyevu nayo inambana mtoto vilevile. Godoro na mito viwe vinatoka juani kila wiki, mito ya sufi ya zamani achana nayo.

Tulipo saivi ni juu mlimani, nyumba ya kawaida tu, kupanda kwake na ndoo ni shughuli, ila ina silingi na jirani wa karibu anapikia gesi.

Na wewe piga hesabu ya jiko lako mwenyewe kabla hujawalaumu majirani. Nusu ya moshi wangu nilihama nao. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia ifikapo 2034, sawa, lakini mtoto wako hawezi kusubiri mwaka huo. Anza na mtungi wa kilo 6. Maharage yanamaliza gesi, najua, loweka usiku kucha, na yakibidi kuchemka kwenye mkaa basi yawe uani mbali na madirisha mtoto akiwa shule. Jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya kujipasha joto ni marufuku, ile hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Makaratasi sio magumu: barua ya utambulisho toka serikali ya mtaa au kijiji, uhamisho wa shule anzia kwa mwalimu mkuu na uhakikishe una namba ya PReM ya mtoto, ile ya usajili wa mwanafunzi, na omba hospitali nakala ya karatasi zake zote. Dawa uwe na akiba ya miezi miwili. Mtungi wa gesi usipande nao basi, uuze ununue mwingine mbele. Na inhela, ile dawa ya pumu ya kuvuta, ikae kwenye mkoba wako, mi niliiweka kwenye begi, begi likaenda kwenye buti la basi, tukiwa katikati ya vumbi la matengenezo ya barabara mtoto akaanza kukoroma kifua, konda hataki kusimama, nililia.

Jambo jingine, hewa ikiwa nzuri watu wanaacha dawa. Usiache! Ile ya bluu ni ya kufungua kifua akibanwa, ile ya kahawia mara nyingi ndio ya kuzuia na inavutwa kila siku hata akiwa anacheza mpira, mpaka daktari aseme vingine, na akimaliza asukutue mdomo. Mtoto mdogo hawezi kuvuta moja kwa moja, kama hujapata kile kichupa chake cha kuvutia (spacer) chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, mtoto avutie kwenye mdomo wa chupa, mpulizo mmoja, avute pumzi tano sita, ndio mwingine. Ioshe na sabuni uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani au midomo inabadilika rangi, hapo sio pa kujaribu jaribu, mpulizie njiani mkielekea hospitali.

Baba watoto bado yuko Urambo msimu wa tumbaku, hatuna namna, ada inatoka kule. Akija anavua koti la bani huku uani, anaoga, ndio anamkumbatia mtoto. Mwanzoni aliona kama namnyanyapaa, mpaka siku aliponusa lile koti mwenyewe baada ya kuoga.

Kipimo changu cha kila asubuhi ni hiki, nasimama mlangoni naangalia ng'ambo. Milima ya Kongo ikionekana nafungua madirisha yote. Isipoonekana na hakuna mawingu ya mvua, nafunga ya upande wa barabara, namwagia maji uani, na mwalimu wake anajua siku hiyo hakimbii.