Namna ya kuwashukuru waliokuokoa ajalini, mguu ukiwa bado unauma

Watu wa Ng'ambo hapa Tabora wakiniuliza nilivyopona, huwa wanataka habari za hogo na magongo. Hakuna anayeuliza niliwapataje watu walioniokoa, na hiyo ndiyo kazi iliyonitoa jasho. Mimi ni fundi cherehani, cherehani yangu ni ya kukanyaga. Juni 2022, barabara ya Urambo, tumeshaipita Ndono tunarudi mjini, tairi la mbele likapasuka na gari likaingia korongoni. Muundi wangu wa kulia ukavunjika.

Anza na majina, na anza siku ileile. Mtu akikuwahi ajalini hangoji kuandikwa. Anakushusha mapokezi, anageuza gari, anakwenda zake. Mimi simu yangu iliibiwa palepale korongoni (ndiyo, katikati ya watu wema alikuwemo na huyo), na dada yangu alipofika hospitali ya Kitete alikuwa analia tu, hakumuuliza mtu jina. Kwa hiyo mpe ndugu mmoja mwenye moyo mgumu kazi ya kuandika: nani alikufunga mguu, nani aliendesha, namba ya gari, nani alipiga 112. Ile PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, nayo toa nakala uitunze. Itakukumbusha tarehe na kituo kilichoshughulikia ajali yako, na askari wa kituo hicho ndio wanaowajua wenyeviti wa vijiji vya jirani.

Halafu tulia. Muundi huchukua miezi mitatu mpaka sita kuunga, wengine zaidi. Mimi wiki ya tisa nilipanda bodaboda kwenda kushukuru, nikarudi mguu umevimba kama mhogo wa kulowekwa, daktari akanisema mpaka nikaona haya. Shukrani haiozi kwa kungoja miezi michache.

Muda huo una kazi zake. Magongo yasikae kwapani kubeba uzito. Uzito unabebwa na mikono, la sivyo ganzi itakuingia mpaka vidoleni. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mgonjwa hutangulia kushuka. Vidole vya mguu uliofungwa hogo vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kliniki. Na jambo ambalo hakuna aliyenitajia: choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mwanangu alichukua kiti cha plastiki akakikata tundu katikati, akakiweka juu ya shimo. Kiti kile kilinirudishia heshima yangu kuliko dawa yoyote. Sigara acha, maana huchelewesha mfupa kuunga. Nasema hivyo huku nikijua kwamba lililoniokota korongoni na kunifikisha hospitali ni lori la tumbaku.

Cherehani nilirudia mwezi wa sita baada ya ajali, kwa ruhusa ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Nilipoona naweza kushona gauni zima bila kusimama, nikajua safari ya Ndono imeiva.

Ukifika kijijini, pitia kwa mwenyekiti kwanza. Mgeni anayeulizia watu waliokuwepo kwenye ajali hudhaniwa ameleta kesi, na watu watakuambia hawakuona kitu. Nilisalimia "Mwadila", nikasema nimekuja kushukuru, nikaonyesha kovu. Baada ya hapo kila mtu alikuwepo siku ile! Nikauliza swali moja tu: mguu ulifungwa na nini? Wengi wakasema mbao. Mzee mmoja mrina asali akasema ni gome, alilokuwa amelibandua kutengenezea mzinga, na kanga aliitoa mkewe. Ndiye.

Zawadi ifanane na kilichopotea. Mama yule kanga yake ilikatwa na mkasi hospitali, kwa hiyo nilimpelekea doti. Soma maandishi kabla ya kulipa. Nilikuwa nimeshaipenda moja kwa rangi yake, kumbe imeandikwa "Hasidi hana sababu". Nikachukua ya "Wema hauozi". Mzee nilimshonea suruali ya kazi yenye kitambaa mara mbili magotini. Wao wakanifungia chupa ya asali, kwa hiyo usiende na mkoba uliojaa, acha nafasi.

Kwa wauguzi na madaktari, usimpenyezee mtu noti mfukoni. Unaweza kumponza. Andika barua kwa mganga mfawidhi, taja wodi, tarehe na majina uliyoyasoma kifuani mwao, kisha uende wodini saa za kuona wagonjwa uwasalimie. Kama uliokolewa na Zimamoto, wale wa 114, barua ipeleke kituoni kwao. Damu niliyoongezewa ilirudishwa na kaka zangu wawili kwa watu wa Damu Salama. Wewe uliyeongezewa waulize kwanza usubiri muda gani kabla ya kuchangia.

Aliyebaki ni dereva wa lile lori. Sikuwa na jina wala namba, nilikumbuka tu pazia jekundu kwenye kioo. Nikangoja masoko ya tumbaku yafunguliwe tena, Mei 2023, malori yaanze kupita na marobota. Siku ya nne ya kukaa kwa mama ntilie wa barabarani, pazia likatokea. Dereva alinitazama usoni hakunijua. Nilipopandisha sketi kidogo kuonyesha kovu, akacheka, akaita utingo wake.

Pesa alikataa. Nikamwambia sikuleta pesa, nimeleta futi kamba, maana nakumbuka nililala kwenye kiti chake huku natoka damu. Akafungua mlango. Nikatanguliza mguu mzima, nikajivuta ndani, na doa lilikuwepo bado, limegeuka rangi ya chai, amelifunika kwa taulo. Upana wa kiti sentimita mia na arobaini na mbili. Nilimshonea kitambaa kizito cha kijani, nikaweka mfuko pembeni wa kuwekea karatasi za mzigo.