Gogo la uyoga huanzia kwenye meno ya msumeno

Mashamba ya mikaratusi ya Njombe na Mufindi yakipunguzwa, ile miti myembamba isiyofaa mbao wala nguzo huishia kuwa kuni, au huingia kwenye tanuri la mkaa. Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi. Gogo la mkaratusi lenye unene wa sentimita 10 hadi 15, likiwa na gome lake lote, linaweza kukuzalia uyoga kwa miaka miwili na zaidi. Wabrazili huotesha shitake, uyoga wa kahawia wenye asili ya Asia Mashariki, kwenye mikaratusi, na aina wanazotumia, saligna na grandis, ndizo zilizojaa vilimani kwetu. Kwenye joto zaidi, au kama huna subira, otesha mamama, uyoga ule mweupe au wa kijivu uliozoeleka sokoni. Huo hukubali hata matawi ya mwembe na mparachichi, ilimradi mti usiwe umepigwa dawa ya ukungu karibuni. Msindano na msaiprasi uache, utomvu wake hauelewani na uyoga huu.

Wakulima wengi wanaonifuata huanza kwa kuuliza mbegu zinapatikana wapi. Mimi huwauliza mti utakatwa lini, na nani. Mbegu nzuri kwenye gogo lililochunika ni pesa iliyotupwa.

Gome

Uyoga huishi kwenye mti mweupe ulio chini ya gome, si kwenye kiini. Gome ndilo linalouhifadhia unyevu na kuwafungia mlango ukungu wa kijani na wavamizi wengine. Pale lilipochubuka, gogo hukauka kuanzia hapo. Kwa hiyo magogo ya uyoga hayaburutwi kama kuni, hayatupwi kutoka juu ya lori, na mti hauangushwi juu ya mawe. Hubebwa begani.

Msimu nao una neno lake. Mvua zikikolea mti unakua kwa kasi na gome huachia kirahisi. Mwaka mmoja nilikata mwezi wa Februari, kisa kijana wa chenso, ule msumeno wa injini, alikuwa na nafasi wiki hiyo. Magogo 30. Tulipofika nyumbani magome yalikuwa yananing'inia kama matambara, na nusu yake yalipikia maharage. Tangu hapo nakata Juni au Julai, kwenye baridi kavu, gome likiwa limeshika. Ni kweli miezi hiyo utabeba maji ya kumwagilia mpaka mvua za Novemba, lakini maji yanabebeka. Gome likishabanduka halirudishwi.

Chenso, oili na miguu yako

Kama unataka magogo 20 au 30 tu, nakushauri usikodi chenso. Msumeno wa upinde wenye meno makali hukata mti wa sentimita 12 kwa dakika chache, haunywi petroli, na ukikosea hauondoki na mguu. Chenso ina maana pale unapopunguza ekari nzima.

Ukiitumia, angalia kwanza oili ya mnyororo. Mafundi wetu wengi hujaza oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Chenso huirusha oili hiyo kwenye kila mkato, ikaingia kwenye ncha za gogo ambalo baadaye litatoa chakula. Mwambie fundi aimwage, asafishe tangi, ajaze mafuta ya kula, ya alizeti kwa mfano. Yanafanya kazi vizuri, ila yasilale ndani ya mashine kwa wiki nyingi kwa sababu yanaganda kama gundi. Fundi akigoma, tafuta mwingine. Vumbi la mbao lisilo na oili nalo likusanye kwenye kiroba, ni mali ya kuoteshea mamama kwenye mifuko.

Usalama hauna mkato. Kofia ngumu, miwani, vizibo vya masikio, viatu vyenye chuma mbele, na suruali ya kukingia mnyororo kama inapatikana. Kandambili haziingii kwenye kazi hii, hata kama fundi anakuambia amekata nazo miaka kumi. Washa chenso ikiwa chini, ukiikanyagia kwenye mpini wa nyuma, kamwe usiiwashe ikining'inia mkononi. Jaza petroli injini ikishapoa. Usikate kitu kilicho juu ya bega. Na ogopa ncha ya juu ya lile bapa linalozungukwa na mnyororo: ikigusa tawi, mashine huruka kuelekea usoni kabla hujapepesa jicho.

Kabla ya kukata, tazama mti ulivyoinama na upepo unatoka wapi, kisha fyeka njia ya kukimbilia, nyuma na upande. Wengine wote wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti. Chonga mdomo upande unaotaka uangukie, usizidi robo ya unene, halafu kata upande wa nyuma, juu kidogo ya mdomo. Usikate mpaka mikato ikutane. Acha kipande chembamba cha mti katikati kishike kama bawaba ya mlango, ndicho kinachouongoza mti chini. Kisiki kiache kama sentimita 10 kutoka ardhini, kikiwa na mteremko ili maji yasituame, nacho kitachipua magogo ya baadaye. Usifanye kazi hii peke yako msituni.

Mti ukiwa wako, bado pita kwa mtendaji wa kijiji na afisa misitu wa wilaya uulize kibali, hasa kama magogo yatasafiri barabarani.

Kupanda

Kata vipande vya mita moja, viache kivulini wiki mbili hivi, ncha zikiwa safi. Usisubiri zaidi ya mwezi, maana ukungu wa porini haukungoji.

Mbegu zetu mara nyingi huja kwenye chupa, zimeoteshwa kwenye punje za mtama. Zinafaa, ila panya wanazipenda kuliko wewe. Ukiweza kuagiza zilizooteshwa kwenye vumbi la mbao, agiza hizo, na uagize kabla hujakata mti. Toboa kwa drili, au keekee kama hakuna umeme, matundu ya milimita 12, kina sentimita 3. Kwenye mstari acha sentimita 15 kati ya tundu na tundu, na kati ya mistari sentimita 6 au 7, ukiyapishanisha. Gogo la sentimita 12 litachukua matundu kama 40. Shindilia mbegu kwa kijiti safi mpaka tundu lijae, usiache pengo la hewa, kisha ziba palepale kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji. Mikono ioshwe. Toboa, jaza, ziba, gogo moja likiisha ndipo ushike jingine.

Sasa mchwa. Huku kwetu huyu ndiye adui wa kwanza. Gogo lisiguse udongo. Lilaze juu ya matofali au mawe chini ya kivuli kizito, ukiyakagua matofali hayo kila wiki na kubomoa vijia vya udongo mara unapoviona. Dawa ya kuua wadudu usipulize, uyoga utainywa.

Ili usikisie unyevu, chukua gogo moja, lipake alama, lipime kwa mizani siku ya kupanda. Lililokuwa kilo 10 likishuka kufikia 8.5, magogo yote yana kiu, yanyunyizie maji kwa muda mrefu asubuhi na jioni. Kipimo hiki ni cha miezi ya mwanzo tu, baadaye gogo huwa jepesi kwa sababu uyoga wenyewe umeshaanza kulila.

Mamama huweza kutoka baada ya miezi michache. Shitake husubiri miezi sita hadi mwaka. Ukiona utando mweupe kwenye ncha za gogo, lizamishe kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi lisimamishe kivulini. Kama liko tayari, vichwa vitachungulia ndani ya wiki moja hivi. Vuna kabla kofia haijafunguka kabisa, halafu lipumzishe gogo miezi miwili kabla ya kulizamisha tena.

Kitakachoota kwenye gogo lako si lazima kiwe ulichopanda. Uyoga wa porini wenye sumu nao hupenda miti. Ukiona rangi au umbo usilolitambua, usionje, na wala usimpe mbwa ajaribu kama wazee wanavyosema, kwa sababu mbwa anaweza kuonekana mzima jioni na sumu ikawa bado inafanya kazi.