Choa: paka mpaka nje ya duara

Choa utakijua kwa ukingo wake: duara lenye magamba na vipele pembeni, katikati pameanza kupona. Osha, kausha kabisa, kisha paka krimu ya kuua fangasi, clotrimazole ya asilimia 1, mara 2 kwa siku, ukivuka ukingo kwa sentimita 2, maana fangasi wameshatangulia huko. Wengi huacha muwasho ukiisha, kumbe bado. Endelea wiki 1 hadi 2 baada ya ngozi kutakata. Tyubu yenye betamethasone, steroidi ya kutuliza uvimbe wa ngozi, iogope: inatuliza muwasho na kufifisha duara, huku fangasi wakienea chini kwa chini. Choa cha kichwani, nywele zikikatikia shinani, hakisikii krimu. Mtoto apelekwe kituo cha afya akapewe dawa ya kumeza.